Komeo la Dirisha

Tangu kiharusi kimpige, mama yake Margit amebakiwa na neno moja tu: "Most."

Pale Štúrovo, mji wa Slovakia ulio mpakani na Hungaria, ukingoni mwa mto Danubi, kila nyumba ina lugha mbili au tatu. Kwa Kihungari neno hilo ni sasa. Kwa Kislovakia ni daraja. Kwa Kijerumani cha marehemu bibi ni maji ya zabibu zilizokamuliwa karibuni. Ulimi uliolemaa wayatamka yote sawasawa.

Asubuhi Margit alimsogezea kitanda dirishani ili alione daraja. Mama akafumba macho. Akamletea maji ya zabibu, yakamtiririka kidevuni.

"Most," alisema mama, macho yakiwa kwenye komeo la dirisha.

Jirani aliyewaletea supu aliweka sufuria chini. "Mwanangu, anakuomba umfungulie dirisha."

"Baridi yote hii, shangazi?"

"Usijifanye mgeni. Baba yako alifunguliwa dirisha na nani, roho ipate njia ya kutoka?"

"Mama ndiye aliyemfungulia. Lakini baba alikuwa ameshakata roho."

"Anayeteseka hufunguliwa mapema."

"Labda ana kiu tu."

"Labda," jirani alikubali, akimfuta mgonjwa kidevu kwa pindo la aproni yake.

Margit alishika komeo. Chuma kilikuwa baridi, na rangi yake ilikuwa imebanduka pale kidole gumba cha mama kilipozoea kukaa.

"Most," mama alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kutamka.

"Kula kwanza, mama," Margit alisema bila kugeuka, mkono ungali pale pale. "Supu bado ya moto."