Haraka ya Aikande

Sheria iliruhusu kila familia ibaki na kitu kimoja cha marehemu. Mama Aikande alichagua mikono ya bintiye, yaani namna alivyopiga fidla. Tangu mazishi, kila Jumapili baada ya ibada, fidla ilijipiga yenyewe sebuleni kama Aikande alivyoipiga, mama akiisindikiza kwa piano. Sonata ilikuwa ile ile yao, ndefu, ya huzuni, iliyotungwa Ulaya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa.

Katika sehemu ya pili Aikande aliingia mapema siku zote, na mama akaruka noti kadhaa ili amfikie.

“Unakimbilia wapi, we mtoto?” alizoea kumtania.

Leo mama aliruka, lakini fidla haikuingia. Ilisubiri zamu yake, kisha ikaingia sawasawa. Mama akainuka. Akapiga simu kwenye ofisi iliyotunza mikono ile.

“Shikamoo, mama. Tuliona kosa, tukalirekebisha. Hatukutozi chochote.”

“Mnirudishie kosa lake!”

“Pole, mama. Tumeshalifuta.”

Alirudi kwenye piano, asiguse hata kibonye kimoja. Fidla nayo ilinyamaza, ikimngojea kwa adabu. Aikande hakuwahi kumngojea mtu.