Jina Nyuma ya Ituri

"Fungula, mama ya mashine! Tunaomba tu majina ya wale munaficha hapa Bunia!" Wanamgambo waligonga mlango kwa vitako vya bunduki, wakicheka.

Kompyuta mbili mbele ya Adeline, kila moja na kibandiko cha jina lake halisi, zilijibu kwa jina moja la programu, Ituri. Moja tu, ile ambamo Ituri ilikuwa ikifanya kazi, ndiyo iliyoshika orodha ya wakimbizi, na hakujua ni ipi.

"Vunja zote, mutoto wangu!" alilia mlinzi, akiuzuia mlango kwa mgongo.

"Muda iko ya moja tu, papa," Adeline alijibu, akiweka nyundo karibu na mkono.

Risasi zikatoboa mbao. Mlinzi akateleza chini, na damu yake yenye joto ikafika kwenye nyayo za Adeline.

Adeline akaandika swali: Ituri, unafanya kazi ndani ya mashine gani?

Skrini ikajibu: Nizi.

Akaigeukia ile yenye kibandiko cha Nizi. Nyundo ikashuka wakati mlango unaanguka.