Kura za Kwaya

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu za kugombea, mbunge wa jimbo Royce Hallam alitangaza mezani kwamba hagombei tena.

"Mihula sita inatosha," alimwambia mkewe. "Natulia nyumbani na ng'ombe wangu. Huko bungeni Cheyenne wataniona kwenye picha."

Ardith alikuwa akimmiminia kahawa. "Sawa," alisema. "Ila watu watasema yao."

"Watu gani?"

"Watu tu. Wanadai unamkimbia yule mwalimu."

Kikombe kilivunjika. Ardith akaokota vigae, akafuta kahawa sakafuni, halafu akaleta fomu. Alikuwa ameshaijaza yote, isipokuwa mahali pa kutia sahihi. Royce akatia sahihi. Saa nne za barabara, na kabla ofisi za Cheyenne hazijafungwa, alikuwa ameifikisha kwa mkono wake.

Pale Sorrel, mji wao mdogo, hapakuwa na mtu wa kumsema Royce vibaya. Ndiye aliyeipigania hospitali ya bonde isifungwe. Ndiye aliyeing'ang'ania barabara ya kaskazini bungeni mpaka ikatiwa lami. Alijua jina la kila mtoto na la kila mbwa. Lakini mpinzani wake, Maite Elissalde, mwalimu wa hisabati, alikuwa amefundisha nusu ya wapiga kura, na mwaka huo maji yalikuwa yamezidi unga.

Kwa hiyo Ardith akaingia barabarani. Kiangazi kizima aligonga milango, elfu moja na mia tatu, vumbi likimfika magotini. Alivumilia mbwa, alivumilia wazee waliotaka kumsimulia magonjwa yao, alivumilia vijana waliomfungia mlango usoni. Royce alikuwa kwenye kiti chake, akitazama mpira.

"Mama mheshimiwa," alimtania mzee mmoja, "ungegombea wewe, ningekupa mpaka kura ya marehemu mke wangu."

"Mpe Royce, mzee wangu. Bunge linamhitaji."

Twila Bjornstad, jirani yao na kiongozi wa kwaya ya kanisa, alimkuta siku moja amekaa kwenye ngazi za posta, miwani yake imeungwa kwa gundi tena, viatu kavivua, soksi zina damu.

"Ardith! Mwanamke gani anajiua hivi ili mumewe aondoke nyumbani?"

"Kuna watu wanamtegemea."

"Na wewe je?"

"Mimi miezi miwili naiweza bila yeye."

Twila alitikisa kichwa, akamsaidia kuvaa viatu. Alimjua Ardith, au ndivyo alivyoamini. Kila Januari Royce alipopakia mabegi kwenda bungeni, Ardith alijitokeza kwenye mazoezi ya kwaya. Kila Machi aliporudi, Ardith hakuonekana tena. Katikati hapo watu walimwona akitembea peke yake kwenye theluji kando ya mto, mara akizungumza mwenyewe, mara akiimba kwa sauti. Upweke huo, Twila aliwaambia wanakwaya wenzake. Maskini, anaimba asije akalia.

Novemba theluji iliwahi. Siku ya uchaguzi Ardith alibeba wazee kwenye gari lake kwenda kupiga kura, safari kumi na moja, akiwashika mikono mmoja mmoja barafu isiwaangushe.

Matokeo yakatoka asubuhi. Royce Hallam alikuwa ameshindwa kwa kura kumi na tisa.

Aliyapokea kiungwana. Alimpigia simu mwalimu, akampongeza, akamwonya kwa utani kwamba kahawa ya bungeni ni sumu. Alipokata simu, akamgeukia mkewe, tabasamu likamtoka. Ardith alisimama dirishani, machozi yakimtiririka, akajikuta anahesabu tena: kumi na tisa. Milango elfu moja na mia tatu, na zimekosekana kumi na tisa.

Mchana kwaya ikaja na mabakuli ya tambi na nyama, na pai tatu za maboga. Twila alimkumbatia Ardith mlangoni, kisha akamvuta kando, penye makoti. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeficha zawadi.

"Siwezi kuvumilia, acha nikwambie. Ni sisi."

"Nyinyi mmefanya nini?"

"Kwaya nzima. Na waume zetu. Tumempa mwalimu."

Ardith aligeuka kumtazama Royce sebuleni.

"Si kwamba tunamchukia Royce, Mungu apishe mbali! Ni wewe tuliyekuonea huruma. Miaka kumi na mbili, kila baridi unakaa kama mjane, na bado unamtafutia kura mpaka miguu inatoka damu! Tukasema basi, inatosha. Tumrudishie mwenzetu mume wake." Twila alimfinya mkono. "Sasa ni wako, dada'angu. Januari, Februari, mwaka mzima. Haendi popote."

Machozi yakamtoka Ardith. Twila akadhani ni furaha, akamkumbatia tena, wakalia pamoja.

Waliondoka saa tisa. Royce aliwasindikiza mpaka kibarazani, akawashukuru kwa pai, akawapungia mkono mpaka gari la mwisho likapotelea nyuma ya kilima. Halafu akaingia ndani, akatia komeo.

Ardith alikuwa ameshavua miwani na kuiweka ndani ya droo, chini ya vitambaa, ili safari hii isivunjike.