Muatasim Anaomba Radhi

Muatasim alianza na muuza maji. Mechi yake ya kuaga ndiyo kwanza imemalizika, wenzake bado wamembeba mabegani, naye akajinasua, akavuka uwanja peku na kumshika mkono yule Mbangali wa chupa za maji. "Niwie radhi," akamwambia. Kisha akamfuata mkata tikiti. Kisha refa.

Jukwaani, mzee Mahrous aliona, akaacha kupiga makofi.

Kwa Waarabu wa Ibra waliorudi kutoka Unguja, kama yeye Mahrous, radhi haiombwi hivihivi. Watu huombana radhi wakienda Hija, au wakienda kusikorudiwa. Na Hija ilikuwa imeshapita.

"Huyu mtoto anaumwa," alimwambia Hashil, jirani yake, waliyekuwa wakikaa naye mechi zote benchi lilelile.

"Wacha uchuro wewe! Kachoka tu. Mpira una umri wake."

"Umri gani? Miaka thelathini na moja? Msimu huu katia mabao ishirini! Nani anaacha shamba siku ya kuvuna tende? Na mtazame alivyokonda."

Hashil akamtazama kijana tena. Kukonda kweli kakonda.

Watu wakimcheka Mahrous, mzee mzima kulilia mpira. Na wacheke. Miaka minne nyuma, Laith, mwanawe wa pekee, aligongwa na gari alfajiri akienda msikitini, njia ya Al Qabil, na gari halikusimama. Matanga yalikaa siku tatu. Siku zote tatu Muatasim, nyota wa mji mzima, ambaye Laith alibandika picha zake chumbani, alikuwepo na birika mkononi akiwamiminia watu kahawa. Hakutia kitu mdomoni. Alilia kuliko jamaa wa damu. Watu wakasema, tazameni mtoto aliyelelewa.

Tangu hapo Mahrous alikuwa na kazi mbili duniani: kumlaani yule dereva kila baada ya sala, na kumshangilia Muatasim kila mechi. Hiyo ya pili ndiyo iliyomweka hai. Na kijana naye hakumtupa. Kila Idi alikuja na mbuzi. Mahrous alipopasuliwa mtoto wa jicho kule Nizwa, Muatasim ndiye aliyempeleka na kumrudisha, akamshika mkono mpaka kitandani. Turkiya, mkewe Mahrous, aliguna: "Mtoto wa watu anakupenda kuliko sisi tulio nyumbani."

"Una wivu tu," Mahrous alimwambia, na akafurahi siku nzima.

Sasa kijana alikuwa anapanda ngazi za jukwaa, akiwashika mikono mashabiki mmoja mmoja. Mwanzo watu walicheka na kumpiga mgongoni. Halafu wakaacha kucheka. Nyuma yake alikuja bwana mmoja wa miwani, kanzu imenyooka, simu juu, anapiga video. Mtu wa gazeti, Mahrous alidhani, akajifuta machozi upesi asije akaonekana.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

Muatasim alimbusu kichwani, kisha mkono, na mkono hakuuachia. Kiswahili chake kilikuwa cha vijana wa siku hizi, cha kuokotaokota kwa bibi. "Ami, mimi naomba radhi yako. Kitu unajua, kitu hujui, kila kitu."

"Umenikosea nini wewe? Hebu niondolee balaa!"

"Siachi mkono mpaka useme."

"Basi nimekuwia radhi. Haya."

"Sema kwa Kiarabu, Ami. Na jina lako, na jina langu. Watu wote wasikie."

Mahrous alimtazama. Mashavu yameingia ndani, midomo imekauka. Roho ilimuuma mzee, ikamuuma hasa. Ya Rabbi, na huyu tena? Yule wa kwanza hakupata hata kumuaga. Basi huyu aondoke na moyo mweupe, angalau huyu. Akasimama, akamwekea mkono kichwani, na akasema kwa Kiarabu, kwa sauti iliyofika mpaka golini, kwamba yeye Mahrous bin Adil, mwenye akili zake timamu, amemsamehe Muatasim kila alilomkosea, analolijua na asilolijua, duniani na akhera, na hana dai lolote juu yake. Hashil ni shahidi. Mungu ni shahidi.

Jukwaa zima likaitikia amin. Hashil alikuwa analia waziwazi kama mwanamke wa matangani. Bwana wa miwani aliishusha simu, akaitia mfukoni.

Mahrous akamvuta kijana karibu ili wengine wasisikie. Kichwani alikuwa ameshapanga: atamhamishia kwake, chumba cha Laith kipo, Turkiya atampikia uji, na yeye mwenyewe atamuuguza mpaka mwisho.

"Sasa nambie kweli, mwanangu, usinifiche. Madaktari wamekupa muda gani?"

Muatasim alishindwa kumtazama. Alimnyooshea kidole yule bwana wa miwani.

"Si daktari, Ami. Yeye wakili. Kesho mimi nakwenda polisi, kwa gari yangu ile iligonga Laith. Anasema, kwa sababu wewe umesamehe, labda jela mwaka mmoja tu."