Mguu wa Kulia

Mguu uliinuliwa juu, ukazidi kuinuliwa, na mchomeleaji vyuma hakuguna hata kidogo.

Mkewe, aliyesimama akiegemea ukuta, akakohoa.

"Yalaa! Nakufa!" mumewe akapiga yowe.

Daktari wa kiwanda akaushusha mguu polepole. "Umesema unaumwa wa kulia. Huu ni wa kushoto."

Juzi tu daktari huyu aliwanyang'anya wafanyakazi wawili kadi za matibabu kwa kujifanya wagonjwa. Kadi ya mchomeleaji ilikuwa pale mezani, karibu na mkono wa daktari. Hata mkewe nusura azuiwe mlangoni: "Kadi ni ya mfanyakazi, mama, si ya familia." Akajibu, "Namsindikiza tu."

"Maumivu yanamchanganya, daktari," mke akadakia. "Yanaanzia kiunoni, yanapita takoni, yanashuka nyuma ya paja mpaka kidole cha mwisho. Kama waya wa moto. Akipiga chafya anaona nyota mchana."

"Namuuliza mgonjwa, mama. Hebu kaa, kiti hicho."

"Nimezoea kusimama."

"Ni hivyohivyo anavyosema," mchomeleaji akasema. "Nyota."

Daktari akaeleza: mshipa wa fahamu umebanwa pale unapotokea kwenye uti wa mgongo. Wengi hupona kwa vidonge, mazoezi na kutembeatembea. Wasipopona, sindano ya mgongoni. Upasuaji ni wa mwisho kabisa.

"Sindano naweza kukuchoma hata leo."

Mchomeleaji akamtazama mkewe kama kuku aliyeona kisu.

"Tuanze na vidonge," mke akasema upesi. "Na hayo mazoezi nionyeshe mimi. Huyu kichwa maji, atasahau kabla ya kufika getini."

"Haya. Nimwandikie wiki moja ya mapumziko?"

"La, daktari!" mchomeleaji akaruka. "Kesho naingia kazini."

Daktari akakuna kidevu. Mvivu anayekataa likizo hakuwahi kumwona. Akamrudishia kadi.

Wakatoka, mume mbele akichechemea kwa bidii, mke nyuma hatua kwa hatua. Walipopinda kona ya ukuta, mahali pasipo dirisha, mke akameza vidonge viwili. Mume akachuchumaa mbele yake.

"Panda taratibu, mama watoto," akasema. "Na chafya ikija, nishtue mapema nisimame."