Mlango Unaoita Majina

Katika nyumba za manispaa za wafanyakazi, mlango ulijua sauti ya kila mpangaji na uliita majina kila asubuhi. Asiyejibu, ukuta ulisogea ukameza chumba chake, nafasi wakapewa majirani. Haki tupu!

Shomari alipofariki, mdogo wake Tunu, bingwa wa kuigiza sauti za walimu, alimjibia kwa sauti ya kaka yake. Mama akacheka, akalia, akasema, "Hebu sema tena, mwanangu."

Tunu akasema tena, mezani, jikoni, mwezi mzima.

Leo mlango uliita, "Shomari?"

"Nipo."

"Tunu?"

"Nipo." Sauti ikatoka ileile ya Shomari. Akakohoa, akajaribu tena, ileile. "Mama, uambie ni mimi!"

"Tulia, Shomari," mama alisema kwa upole, na ukuta wa chumba cha Tunu ukaanza kusogea.