Chai Tayari, Baba

Ta! Video ilimeza mkanda kabla ya alfajiri, na Bibi akajua mumewe ameamka tena kumtazama marehemu binti yao.

Ilikuwa tamthilia ya zamani. Hata walioitengeneza wameshaisahau, na mkanda ulibaki huo mmoja. Binti aliigiza mtumishi: anaingia na sinia, anasema, "Chai tayari, baba," anatoka. Basi.

Leo mashine ilikwaruza, ikanyamaza.

Bibi alimkuta mzee sakafuni, utepe umemjaa mapajani, anaunyoosha kwa kidole gumba. Ulikatika pale pale alipozoea kuurudisha ili amwone binti tena.

"Nimemmaliza mwenyewe, mke wangu."

Bibi alikwenda jikoni. Alichemsha maji, akarudi na sinia.

"Chai tayari, baba."

Mzee alipokea kikombe bila kuinua macho.

"Kesho uje tena, mwanangu."